Aliyekunywa Mbele Yetu: Tusekile Kibona na Maji ya Masimbwe

Bi. Tusekile Kibona anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kupima maji wanayokunywa watu wengine. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991, kwa hiyo hajaiibia Serikali siku hata moja, wala hajaizawadia. Sherehe ya kumuaga itafanyika Jumamosi hii saa nne asubuhi. Haitakuwa ukumbini Vwawa kama tulivyozoea. Itakuwa kitongojini Masimbwe, bondeni kupita Galula, pembeni mwa pampu. Waliolalamika kwamba tunawasafirisha kwenye vumbi kwenda kula pilau porini wavumilie kidogo, sababu imo humu ndani.

Mimi ni Shadrack Simbeye, fundi sanifu wa maabara ya maji, na nimefanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja, tangu Mbeya. Ndugu Watson, ofisa utumishi wetu, aliniagiza niandike ukurasa mchangamfu ili watu wasianze kulia kabla ya chakula. Nitajitahidi. Lakini wanaonifahamu wanajua mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na mwaka huu nimeogopa kuliko miaka yangu yote, kwa hiyo kalamu ikitetemeka mnisamehe.

Mama Tusekile alizaliwa Ileje mwaka 1965, binti wa mzee wa kanisa aliyelima kahawa na mahindi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, boga likikatika kikonyo unalifuata kwa jirani. Alichota maji tangu akiwa na miaka sita, akasoma, akafuzu, akaanzia kazi Mbeya. Mkoa wetu wa Songwe ulipozaliwa mwaka 2016 alihamia hapa na masanduku mawili ya chupa za sampuli na pikipiki aliyokuwa akiiendesha kwa sketi ndefu bila kujikwaa. Bodaboda wa Mlowo walimwita "Sista Mtambo". Alipenda jina hilo na hakuficha.

Jina lililodumu, hata hivyo, ni Mama Kikombe, na historia yake ni hii. Mwaka 1996 kijiji kimoja cha Ileje kilipata bomba, na maji yake yakatiwa klorini kuua vidudu. Watu wakayakataa. Yananuka dawa, walisema, na dawa hiyo ni ya kuwafunga wanawake uzazi. Wataalamu walihutubia mpaka sauti zikakauka. Mama Tusekile alikuwa na mimba ya miezi saba, tumbo limetangulia mbele yake. Akachomoa kikombe chake cha bati, cha bluu, chenye ukingo uliobanduka rangi, akakinga bombani, akanywa chote, akakinga tena. Kisha akawaambia: "Mimi nitakuja hapa kila wiki ninywe. Mtoto akikataa kuzaliwa, njooni mvunje bomba." Mtoto alizaliwa na kilo nne na robo. Ndiye Ombeni, ambaye leo ni mwalimu na amechoka kusikia hadithi hii. Foleni pale bombani ilianza siku hiyo hiyo habari zilipofika.

Tangu hapo ukawa utaratibu wa eneo zima. Kisima kikifunguliwa, hakuna anayesikiliza hotuba. Watu wanamsubiri mama mwenye kikombe. Akinywa, wanashangilia na kuchota. Asipokuwapo, ndoo zinarudi tupu. Nimeona wazee wakiikunja karatasi ya majibu ya maabara bila kuitazama, wakauliza swali moja tu: "Yeye amekunywa?" Sisi vijana wa maabara tulijivuna sana. Tulidhani tumepata njia fupi ya kuelimisha umma. Leo naona tulikuwa tumewafundisha watu kuamini koo la mtu mmoja.

Yeye mwenyewe alianza kuona hatari hiyo mapema, na ndiyo maana alikuwa na daftari ambalo halikuwa la kazi. Halikuwa na vipimo. Aliandika humo yale watu wanayosema kuhusu maji machafu, neno kwa neno, na jina la mahali. Amenipa ruhusa ninukuu. Ruanda kule Mbozi, wakati wa kuosha kahawa, mkulima mmoja alimwambia: "Hayo si machafu, mama, hayo ni mbolea imetangulia." Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, kwenye kijito kinachopita nyuma ya magereji, kijana aliyekuwa akimwaga oili chafu alimweleza kwamba uchafu wote ule unaletwa na Wazambia. Wiki hiyo hiyo, mama mmoja Mzambia anayeuza vitenge mpakani alimsalimia "mulishani", yaani hujambo kwa lugha yao, kwa furaha, kisha akamweleza kwamba uchafu wote ule unaletwa na Watanzania. Aliyaandika yote mawili ukurasa mmoja, akachora mstari katikati, akaandika chini yake: "Kijito hakina pasipoti."

Lakini kurasa nyingi ni za bondeni, kwa wachimbaji wadogo na majirani zao. Kule dhahabu inakamatwa kwa zebaki, na mchanga uliobaki, wanaouita marudio, unarundikwa karibu na maji. Wanamwambia: "Zebaki ni nzito, inazama chini, nani atainywa?" Wanamwambia: "Nimeishika kwa mkono miaka kumi, mbona nadunda?" Na wengine wanasema lile ambalo kila mmoja wetu amelelewa nalo, kwamba mto hauchafuki, maji yakishapita juu ya mawe yameshajiosha. Tena wanayaogopa maji ya masika kwa sababu ni ya tope. Ya kiangazi, meupe, unayaona mpaka chini, hayo wanampa hata mtoto mchanga. Mama Tusekile aliniambia mara nyingi kwamba tope halimtishi. Kinachomtisha ni maji mazuri.

Sasa nifike Masimbwe. Mwezi Oktoba 2019 kitongoji hicho chenye kaya mia moja na ishirini kilifunguliwa pampu ya mkono, hatua chache kutoka kijito cha Nsele. Sampuli ya vidudu tulipima wenyewe, ikawa safi kabisa. Sampuli ya madini tulikuwa tumeituma mbali, kwa sababu mashine yake hatuna, na karatasi haikuwa imerudi. Mgeni rasmi alikuwa ameshafika. Ngoma zinalia. Akina mama wanapiga vigelegele na kuita, "Mama Kikombe! Mama Kikombe! Tuonjee!" Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika kasha la barafu. Nilikumbuka karatasi. Naamini na yeye aliikumbuka, kwa sababu aligeuka akanitazama. Sikusema neno, niliogopa kuharibu shughuli ya wakubwa. Akanywa.

Karatasi ilirudi baada ya wiki tatu. Zebaki ilikuwa juu ya kiwango.

Alirudi Masimbwe kesho yake na rangi nyekundu ya kuipaka pampu na mnyororo wa kuifunga. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Efraimu Nzunda, alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamwambia mbele ya mkutano: "Mwanangu, sisi tulikuona kwa macho. Ulikunywa, na hukufa. Leo unatuletea karatasi." Mnyororo ulikatwa siku ya pili. Rangi ilisuguliwa kwa mchanga mpaka pampu ikang'aa kuliko mwanzo. Sampuli ya pili ilichukuliwa Februari iliyofuata, mvua zimejaa, na majibu yakashuka chini ya kiwango. Watu wakashangilia kama timu iliyoshinda rufaa. Kwamba ilikuwa ni mvua imeyazimua maji, na kwamba kiangazi kitarudi, hakuna aliyetaka kusikia. Bomba la chemchemi lilifikishwa mlimani mwaka 2021, salama kabisa, lakini ni mwendo wa dakika arobaini. Pampu iko mlangoni.

Mtu mwingine angeandika ripoti akaendelea na maisha. Mama Tusekile alijipa Alhamisi. Kila Alhamisi ambayo pikipiki iliwaka, kwa miaka mitano na zaidi, alikwenda Masimbwe, akakaa pembeni mwa pampu na kikombe chake, akakinga maji, akayamwaga chini wote wakiona. Watoto walimwiga. Watu wazima walicheka, baadaye wakachoka kucheka, baadaye wakakasirika. Ikumbukwe kwamba kule mgeni akiingia nyumbani hupewa maji kabla ya kiti, na akiyakataa ametangaza ugomvi. Yeye aliyakataa nyumba kwa nyumba. Milango ikafungwa mmoja mmoja, ukabaki wa Mama Ruti, dada yake mwenyekiti, mjane mcheshi anayevua kambale kijitoni kwa mitego aliyoisuka mwenyewe.

Mama Ruti naye aliumia. Siku moja aliweka kikombe chini akasema: "Sawa, maji yangu yana sumu. Na samaki je? Kula basi nijue bado ni mwenzangu." Na Mama Tusekile, ambaye alikuwa na kiu ya kuwa na mtu hata mmoja pale, akala. Alikula Alhamisi ile, na Alhamisi iliyofuata, na zote zilizofuata. Ugali na kambale wa kijito cha Nsele.

Msomaji wa ofisini atashangaa, mtaalamu mzima aliyajua maji akamsahau samaki? Nami nilikuwapo, mara nyingine nilikula naye, na nilisifia mchuzi. Sisi ni watu wa maji. Tunapima maji. Samaki hayumo kwenye fomu zetu. Mama Tusekile aliniambia baadaye kwamba wazo lilimjia mwaka wa tatu, akalisukuma mbali, kwa sababu angekataa na chakula, Masimbwe ingekuwa imemfungia mlango wa mwisho, na ndani ya mlango huo kuna Mama Ruti na wajukuu wanne wanaokula kambale mara tano kwa wiki.

Mwaka jana, mwezi Septemba, niliona anashindwa kujaza chupa bila kumwaga. Nikamtania kuwa ameshaanza kuzeeka kabla ya barua ya kustaafu. Alicheka. Mwezi Novemba hakucheka. Alikuwa akishika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na yote miwili ilikuwa ikicheza. Amekwenda hospitali mara tatu. Ameniruhusu kuandika hiki tu: madaktari hawajasema ni zebaki, na hawajasema si zebaki. Ameagiza pia nisimpambe.

Machi mwaka huu alinunua kambale watatu kwa Mama Ruti, akaniambia tuwatume kupimwa. Majibu yalifika tarehe 14 Aprili, na bahasha niliipokea mimi. Nikaifungua, nikasoma, nikaitia kwenye droo. Niliiacha humo siku tisa. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi akihangaika na kifuniko cha chupa, nikimsalimia "Shikamoo Mama", naye akiniitikia "Marahaba", na mimi nimekaa juu ya karatasi. Sikuwa na sababu yoyote zaidi ya hofu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hawakusema kitu kuhusu anayeficha maradhi ya mwenzake. Siku ya kumi nilimpa. Aliisoma akiwa amesimama. Kiwango cha zebaki kwenye samaki kilikuwa juu mno kuliko kwenye maji. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Shadrack, siku tisa wale watoto wamekula mara ngapi?" Nilijua hesabu yake.

Alhamisi ile tulikwenda wote Masimbwe. Mama Ruti alitukaribisha maji kama kawaida yake, kwa ubishi, na Mama Tusekile safari hii akakipokea kikombe. Akakishika tu. Maji yakaanza kuruka ukingoni, yakamlowesha vidole na sketi. Mama Ruti alitazama mpaka kikombe kikabaki nusu. Kisha akanyoosha mikono yake mwenyewe mbele yake, viganja juu, kama mtu anayetazama kama mvua imeanza. Na mimi nikaiona ikicheza, na yeye akaiona. Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba.

Tangu siku hiyo Mama Ruti anachota mlimani. Mitego ameitoa kijitoni na kuining'iniza darini. Wajukuu wawili wakubwa wamepelekwa kupimwa, na majibu hayajarudi. Kila simu ikilia naogopa kuipokea. Kaya zinazochota mlimani mpaka leo, pamoja na ya kwake, ni thelathini na moja. Zilizobaki themanini na tisa bado ziko kwenye pampu, na kiangazi ndiyo kwanza kinaanza, maji ya Nsele yanazidi kuwa meupe kila siku. Mzee Efraimu anasema dada yake ametishwa na watu wa ofisi. Alipoulizwa ni nini kitamfanya aamini, alijibu: "Aliyekunywa ndiye aje aseme. Hapa hapa. Mbele ya watu."

Hilo ndilo jibu la waliouliza kwa nini Masimbwe. Bi. Kibona alipewa haki ya kuchagua mahali pa kuagwa, akachagua hapo. Kwenye ratiba, kipengele cha sita kimeandikwa "Kukaribishwa maji", na ndugu Watson alidhani ni kosa la uchapaji. Si kosa. Mama Ruti atapiga pampu, atajaza kikombe kile cha bluu, atampa mgeni. Mama Tusekile atakipokea kwa mikono yote miwili na kukishika. Hatatoa hotuba, amesema alishahutubia vya kutosha. Maji yakiisha kumwagika, Mama Ruti naye ataomba kushika.

Nawaomba wafanyakazi wenzangu mambo matatu. Msikimbilie kumsaidia kushika, ingawa mtatamani. Msipige picha za kutuma kwenye makundi ya simu. Na msimtazame usoni wakati ule, maana atakuwa anaona aibu na hataki ionekane. Tazameni mikono, na watazameni watu wa Masimbwe wanavyoitazama. Chakula kitapikwa kwa maji ya mlimani, vijana watayabeba tangu Ijumaa. Kambale waliokuwa wameagizwa wameondolewa kwenye orodha, kutakuwa na kuku.

Amepima vyanzo mia mbili na kumi na saba. Amefundisha wanafunzi wa mazoezi arobaini, wengi wao wakubwa zangu kwa vyeo sasa. Amegombana na wenye magereji na wenye mitambo ya kahawa, na zaidi ya wote amegombana na mimi, na hakuwahi kulala na kinyongo. Amefanya kosa moja kubwa mbele ya watu mia tatu, na ameliendea kila wiki kwa miaka mitano. Sijui mtumishi mwingine aliyefanya hivyo. Mimi la kwangu lilikuwa dogo, droo na siku tisa tu, na bado nimeona haya kuliandika.

Baada ya sherehe anarudi Ileje kwa mumewe, mwalimu mstaafu Anyosisye, kwenye kahawa na maboga yanayokimbia. Kikombe ameniachia mimi. Kijiji cha kwanza kinanisubiri mwezi ujao, kisima kipya, mgeni rasmi ameshathibitisha kuja, na majibu ya madini hayajarudi. Nitasimama mbele ya vigelegele na kikombe kitupu nikiwaambia wasubiri, na watanichukia. Naogopa kweli kweli. Kikombe kipo mezani kwangu ninapoandika haya, nimekiosha kwa maji ya mlimani mara mbili, na bado sijakinywea.

Mama Tusekile, ahsante kwa koo lako na kwa ukweli wako. Nenda salama nyumbani, ule matunda ya jasho lako, na Mungu aitulize mikono yako.